Meno ya kahawia: Tutibu maji kabla ya kutibu taya

Wapo wakazi wa Naivasha na Gilgil wenye uwezo wanaouliza kama wanaweza kung'olewa meno yao ya kahawia na kupandikizwa mapya. Utaalamu huo upo. Daktari Per-Ingvar Brånemark wa Uswidi alimpandikizia mgonjwa wake wa kwanza mwaka wa 1965: parafujo ya titani hukazwa ndani ya taya, mfupa ukaishika kama mzizi. Siku hizi madaktari wengine hutumia kibao cha kuelekeza kekee ili isiende kombo na kudhuru mfupa ulio kando.

Ni kazi ya kusifiwa, lakini kwa maoni yangu tunaanzia mwisho. Jino la kahawia mara nyingi mzizi wake ni mzima, na kuling'oa kwa sababu ya rangi tu ni hasara. Tena, mtoto atakayezaliwa mwakani katika boma hilo hilo ataota meno ya rangi ile ile iwapo maji hayatabadilika.

Chanzo kinajulikana. Bonde la Ufa limejengwa kwa miamba ya volkeno, na maji yakikaa ndani ya miamba hiyo hubeba madini ya floraidi. Kiasi kidogo huimarisha meno, ndiyo maana hutiwa katika dawa ya meno. Shirika la Afya Duniani limeweka mpaka wa miligramu 1.5 kwa kila lita ya maji, na visima vingi katika bonde hili huupita. Meno huharibika yakiwa bado ndani ya ufizi, hasa kabla mtoto hajatimiza miaka minane. Baada ya hapo hakuna mswaki wala mkaa utakaoondoa rangi hiyo. Basi tuache kuwacheka vijana wetu kwamba hawapigi mswaki!

Meno ni dalili tu inayoonekana. Anayekunywa maji yenye floraidi nyingi mno kwa miaka na miaka huiweka pia mifupani. Mifupa huwa mizito lakini rahisi kuvunjika, viungo hukakamaa na mgongo hukataa kuinama. Mifupa ya namna hiyo haina kibao cha kuielekeza.

Wazazi wengi hudhani kuchemsha maji kunatosha. Kuchemsha huua viini vya kipindupindu na homa ya matumbo, lakini floraidi hubaki, na maji yakipungua sufuriani yanayosalia huwa nayo zaidi. Magadi tunayotia katika maharagwe nayo huongeza mzigo huo.

Dawa ipo karibu. Dayosisi ya Kikatoliki ya Nakuru imekuwa ikitengeneza vichujio vya mkaa wa mifupa ya ng'ombe, na wenzetu wa Ngurdoto, Arusha, wamefanya utafiti juu ya njia hiyo hiyo. Mkaa huo hunasa floraidi, lakini huchoka na ni lazima ubadilishwe. Maji ya mvua yaliyotekwa kwenye paa safi hayana tatizo hili, nayo yakichemshwa yanafaa kwa mtoto. Maziwa ya mama pia yana floraidi kidogo sana.

Kwa hiyo natoa ombi kwa serikali ya kaunti. Kila kisima kinachouza maji, kuanzia Karagita hadi Kihoto, kiandikwe kiwango chake cha floraidi kwa rangi, mahali ambapo mwenye mkokoteni na mnunuzi wataona. Kila shule ya chekechea ipewe tangi la maji ya mvua. Nanyi wazazi, kama maji salama ni machache, wapeni watoto wadogo kwanza, na ya kisima yafulie nguo.

Kinga ni bora kuliko tiba, na kwa meno haya tiba ni ghali mno kwa mchuma maua. Debe moja la maji salama kwa mtoto wa miaka miwili lina faida kuliko parafujo atakayouziwa akiwa mtu mzima.