Tiketi ya onyesho isilipwe kwa korosho za kangomba

GARI la matangazo likipita Chidya na vipaza sauti vyake, habari haikai kijijini hata nusu saa. Waendesha bodaboda huipeleka Masasi mjini upande mmoja na Newala upande mwingine. Kabla jua halijazama, kila kijiwe cha kahawa kina orodha yake: nani anakuja, ataimba nini, amefuatana na wachezaji wangapi, na kiingilio ni kiasi gani.

Kwa kawaida ukurasa huu hushughulika na bei za mazao, mafuta na saruji. Leo unaomba ruhusa ya wasomaji kuzungumzia bidhaa nyingine ambayo nayo ina bei, ina msimu na ina walanguzi wake. Bidhaa hiyo ni onyesho kubwa la jukwaani, muziki, ngoma na maigizo kwa pamoja, linaloletwa mikoani na kundi kutoka Dar es Salaam.

Hoja yetu ni fupi. Wapenzi wa burudani wa Masasi na Newala ni soko la kweli na lenye fedha. Lakini mara nyingi soko hili huletewa bidhaa kabla mnunuzi hajalipwa. Gharama ya kosa hilo la kalenda haibebwi na promota. Inabebwa na mkulima wa korosho.

Soko lenye historia

Hamu hii haikuanza jana. Mwaka 1992 ilipoanzishwa Tanzania One Theatre, yaani TOT, chini ya Kapteni John Komba, na ilipokuwa ikishindana na Muungano Cultural Troupe ya Norbert Chenga, Watanzania walizoea onyesho ambalo kwa tiketi moja mtu alipata karibu kila kitu. Palikuwa na ngoma za asili, sarakasi, kwaya na mchezo wa kuigiza, kisha taarab ikafunga usiku. Upande wa TOT alisimama Khadija Kopa, na upande wa Muungano alisimama Nasma Khamis maarufu kwa jina la Kidogo. Mashabiki waligawanyika kama wa Simba na Yanga.

Kibiashara, makundi hayo yalikuwa na mapato ya namna mbili. Kwanza kiingilio mlangoni. Pili ni kutunza: shabiki aliyeguswa na maneno ya wimbo aliinuka, akacheza taratibu hadi jukwaani, akamkabidhi mwimbaji noti yake mbele ya watu. Fedha ya kutunza haikupangiwa bei na mtu. Ilitegemea jambo moja tu, nalo ni kama mfuko wa shabiki siku hiyo una kitu.

Kusini ilikuwa na sababu ya kuwa na mfuko mwembamba. Uzalishaji wa korosho nchini ulifikia tani zipatazo 145,000 katika msimu wa 1973/74, kisha ukaporomoka hadi tani kama 16,500 katika msimu wa 1986/87. Watu walihamishiwa katika vijiji vya ujamaa na mikorosho ikabaki mbali nao, ugonjwa wa ubwiri unga ukaishambulia, na bei ikawavunja moyo waliobaki nayo. Makundi ya burudani yalipokuwa yakishamiri katika miaka ya 1990, zao hili lilikuwa bado linajikongoja kuinuka.

Leo hali ni tofauti. Msimu wa 2017/18 uzalishaji ulivuka tani 300,000, na minadani kilo ilifikia shilingi 4,000. Msimu wa 2024/25 bei ilivuka tena 4,000 katika minada ya mwanzo. Mapromota wanasoma magazeti kama sisi, na ndiyo maana magari ya matangazo hayaji huku mwezi wa Aprili.

Fedha ya korosho haiji na korosho

Hapa ndipo penye tatizo. Mtu wa Dar es Salaam akisikia "msimu wa korosho umeanza", anadhani fedha imeanza kutembea. Sivyo. Kinachoanza ni kuokota.

Tangu msimu wa 2007/08, korosho za huku zinauzwa kwa mfumo wa stakabadhi ghalani. Mkulima anaokota, anazitenganisha na mabibo, anaanika, anapeleka kwenye chama cha msingi, anapimiwa na kupewa risiti. Chama kinapeleka mzigo ghala kuu, mnada unafanyika, mnunuzi analipa, makato yanaondolewa, na kilichobaki kinaingia katika akaunti ya mkulima benki. Kutoka korosho ya kwanza kuanguka hadi shilingi ya kwanza kuingia, zinapita wiki kadhaa. Mambo yakiharibika, inapita miezi.

Mwaka 2018 unafaa kukumbukwa. Wakulima walizikataa bei za minada ya mwanzo. Tarehe 12 Novemba Serikali ya Rais John Magufuli ikatangaza kwamba itanunua yenyewe kwa shilingi 3,300 kwa kilo, na jeshi likapewa kazi ya kusomba mzigo. Ukafuata uhakiki wa wakulima, na wengi walisubiri malipo hadi mwaka uliofuata. Katika mwezi huohuo wa Novemba, Wasafi Festival ilianza ziara yake ya mikoani, na ilianzia Mtwara. Hakuna mwandaaji ambaye angeweza kuitabiri hali ile, na kosa si lake. Lakini tukio lile linaonyesha jinsi kalenda ya jukwaa na kalenda ya benki zinavyoweza kupishana katika mji mmoja, mwezi mmoja.

Kati ya kuokota na kulipwa yupo bwana mmoja asiyehitaji ghala wala mnada. Huku anaitwa kangomba. Anapita mlango kwa mlango, anapima kienyeji, analipa taslimu papo hapo, na bei yake ni ya kutupa. Biashara hiyo imepigwa marufuku mara nyingi na bado ipo, kwa sababu anauza kitu ambacho mnada hauna. Anauza fedha ya leo.

Hesabu ya shabiki mmoja

Mwandishi wa makala haya aliliona hilo kwa macho yake akiwa likizoni, bado mwanafunzi wa biashara. Ndugu yetu mmoja, kijana mchapa kazi, alikuwa na gunia uani likisubiri kupelekwa kwenye chama. Onyesho lilikuwa Jumamosi. Siku ya Alhamisi gunia lilikuwa limepungua.

Mjomba wake alimwita barazani. "Mpwa wangu, umeuza korosho za watoto?"

"Shikamoo mjomba. Nimeuza kidogo tu. Korosho zitaanguka nyingine, lakini wale wakipita hawarudi."

"Marahaba. Na Januari wakitaka sare za shule, utawaambia zitaanguka nyingine?"

Kijana alikwenda. Onyesho lilikuwa zuri, na alirudi akiimba hadi mwezi ukaisha. Mjomba hakumsema tena. Januari ilipofika, ni mjomba aliyetoa fedha ya sare.

Tufanye hesabu ya mfano, kwa tarakimu nyepesi. Kiingilio shilingi 10,000, nauli ya kwenda na kurudi 15,000, chakula 5,000. Jumla 30,000. Kangomba akilipa 1,500 kwa kilo, shabiki ameuza kilo 20. Kilo hizohizo zikienda mnadani na kumwachia mkulima 3,000 kwa kilo baada ya makato, ni shilingi 60,000. Kwa hiyo tiketi haikuwa ya 10,000, na safari haikuwa ya 30,000. Shabiki amelipa 60,000, nusu kwa ajili ya onyesho na nusu kwa kangomba.

Wakiwa mashabiki 1,000 wa namna hiyo, shilingi milioni 30 zimehama kutoka kwa wakulima kwenda kwa mlanguzi kwa usiku mmoja. Msanii hakuziona, promota hakuziona, wala halmashauri haikupata ushuru wake. Kwa lugha ya wahasibu huo ni mkopo wa wiki sita wenye riba ya asilimia 100. Benki ikitoza riba ya namna hiyo tutaandika ukurasa mzima kuilaani.

Hata promota anapoteza

Wapo watakaosema tunataka kumfanya mkulima mtoto mdogo anayepangiwa matumizi. La hasha. Mtu aliyepalilia, akapulizia dawa na kuokota tangu alfajiri ana haki ya kustarehe kuliko hata sisi wa ofisini. Fedha ni yake, na onyesho ni moja ya vitu vizuri vinavyoweza kununuliwa kwa fedha hiyo. Tunachouliza ni kwa nini ainunue starehe hiyo kwa bei mara mbili.

Wengine watasema promota hawezi kungoja, kwa kuwa wasanii wana ratiba. Tunaikubali hoja hiyo kwa nusu. Kundi la watu 40 lenye lori la jukwaa, jenereta na vyumba vya kulala lina gharama kila siku, iwe uwanja umejaa au haukujaa. Ndiyo maana halipaswi kufika wakati mashabiki wanahesabu sarafu. Wiki mbili baada ya malipo kuingia, yuleyule aliyeuza kilo 20 kwa shida ataingia na mkewe, atanunua soda, atanunua na fulana yenye picha ya msanii. Kutunza nako kutarudi. Kila mfanyabiashara wa duka la nguo Masasi anaijua siri hii. Haagizi vitenge kwa kuangalia mwezi, anaangalia mnada umelipwa lini.

Kwa nini iwe Mtwara kila mara?

Suala la pili ni mahali. Maonyesho makubwa hupenda Mtwara mjini kwa sababu ya uwanja wa Nangwanda Sijaona na hoteli. Kutoka Masasi hadi Mtwara ni mwendo wa kilomita zipatazo 200. Mkazi wa Chidya anakesha njiani ili apate saa tatu za onyesho. Katika hesabu yetu ya juu, nauli peke yake ni kubwa kuliko kiingilio. Maana yake ni kwamba katika kila safari mwenye basi anapata zaidi ya msanii.

Jukwaa likisogezwa Masasi au Newala, promota anaweza kupandisha kiingilio kidogo na bado shabiki akatumia fedha chache kuliko zamani. Hapo wote wawili wanapata.

Wanaodhani watu wa huku hawana macho ya sanaa ya jukwaani wajifunze kidogo. Uwanda wa Makonde ndio wenye midimu, wachezaji wa vinyago ambao huigiza, hucheka na hukejeli mbele ya kijiji kizima. Sindimba ilitoka huku na ikachezwa nchi nzima. Na jirani zetu wa Tunduru ndiko alikozaliwa Edward Saidi Tingatinga, mchoraji aliyefariki mwaka 1972. Jina lake lilizaa katuni za televisheni zilizotengenezwa Nairobi, na kutoka katuni hizo likazaliwa onyesho la muziki la watoto, Tinga Tinga Tales, ambalo mwaka 2018 lilivuka hadi New York. Jina lililoanzia ng'ambo ya mpaka wetu wa wilaya limepanda jukwaa la Marekani. Haliwezi kuwa jambo gumu kwa onyesho la namna hiyo kupanda jukwaa la Masasi.

Yafanyike yafuatayo

Ukurasa huu unapendekeza mambo manne, na hakuna hata moja linalohitaji sheria mpya.

Kwanza, mapromota wapange tarehe baada ya malipo ya minada ya kwanza, na wawasiliane na vyama vikuu vya MAMCU na TANECU kabla ya kuchapisha mabango. Taarifa za minada si siri.

Pili, tiketi ziuzwe kwa kuwekewa nafasi. Shabiki ajiandikishe kwa simu wakati wa kuokota, alipe fedha ikishaingia. Promota atajua mapema ana watu wangapi, na shabiki hatakuwa na haraka ya kumwita kangomba.

Tatu, maofisa utamaduni wa halmashauri, ambao huombwa kibali cha onyesho, waulize swali moja rahisi kabla ya kugonga muhuri: je, wakulima wa eneo hili wamelipwa? Kama hawajalipwa, tarehe isogezwe.

Nne, vikundi vya huku vipewe nafasi jukwaani kwa malipo, si kwa soda. Fedha ya mlangoni huondoka na lori usiku uleule. Kikundi cha sindimba kikilipwa, sehemu yake inabaki na inanunua unga Chidya.

Vijana wenyewe nao wana kazi moja, nayo inawahusu hata kama promota hatasikia. Gari la matangazo likipita, furahini, tafuteni nyimbo, bishaneni barazani nani mkali. Kungojea onyesho ni nusu ya raha yake, na hakuna anayetoza kiingilio kwa kungojea. Lakini gunia lipelekeni kwanza kwenye chama, mpewe risiti. Wahenga walisema mali bila daftari huisha bila habari, na kangomba hatoi risiti.