Viti Maalumu ni Ngazi, Si Kikomo

Mara mbili katika muda wa miaka minane, wananchi wa Marekani waliletewa jina la mwanamke agombeaye urais kwa tiketi ya chama kikubwa, na mara mbili mwanamke huyo hakuingia Ikulu. Mwaka 2016 Bibi Hillary Clinton alimzidi Bwana Donald Trump kwa kura za wananchi zipatazo milioni 2.9, akashindwa kwa kura za wajumbe wa majimbo. Mwaka 2024 Bibi Kamala Harris, aliyekuwa Makamu wa Rais, alishindwa na Trump huyo huyo. Sababu zilikuwa nyingi, kupanda kwa bei kukiwa mojawapo. Lakini taifa lililoandika haki ya kura ya wanawake katika Katiba yake mwaka 1920 halijapata kuongozwa na mwanamke.

Tusiharakishe kuwacheka. Sisi tulio na Rais mwanamke tangu Machi 19, 2021 hatuna budi kujiuliza alifikaje hapo. Ndugu Samia Suluhu Hassan, mzaliwa wa Makunduchi, aliingia Baraza la Wawakilishi mwaka 2000 kwa Viti Maalumu. Mwaka 2010 alisimama jimboni Makunduchi akachaguliwa kuwa Mbunge. Mwaka 2015 akawa Makamu wa Rais, na Rais Magufuli alipofariki, Katiba ikamkabidhi urais. Kiti maalumu kilikuwa ngazi, naye akaipanda.

Je, ni wangapi wanaoachiwa kuipanda? Hapa Rhotia, kando ya barabara iendayo Ngorongoro, akina mama hulima mahindi na maharage na kujaza mikutano ya kijiji. Hata hivyo, tangu mwaka 1995 hadi uchaguzi wa 2020, Jimbo la Karatu lilipeleka Bungeni Dk. Slaa, Mchungaji Natse, Ndugu Qambalo na Ndugu Awack: wote wanaume. Mwanamke akitaka jimbo huambiwa, "Wewe una viti vyako." Kauli hiyo ndiyo inayoigeuza ngazi kuwa zizi.

Wala asijifiche mtu nyuma ya mila au dini. Unguja ilitawaliwa na Mwana Mwema katika karne ya 17, na Kurani Tukufu inatusimulia habari za malkia wa Sabaa, aliyetaka shauri la wakuu wake kabla ya kukata jambo.

Hatuombi huruma. Uongozi wa Rais, pamoja na uchaguzi wa Oktoba 2025 ulioandamana na umwagaji damu, upimwe kwa mizani ile ile wanayopimiwa wanaume. Tunachodai ni mlango ulio wazi. Aliyekalia kiti maalumu kwa vipindi viwili na ashuke jimboni, Bara na Visiwani. Na viongozi wa vyama, kura za maoni zitakapofika, wasimwulize ana viti gani, bali amewafanyia nini wananchi.