Masikio Yetu si ya Samaki

Mwalimu asahihishapo imla na kukuta mwanafunzi ameandika "samani" badala ya "thamani", aghalabu hulaumu lugha ya mama. Nami, ambaye isimu ndiyo kazi yangu, nimeitoa lawama hiyo mara nyingi. Siku hizi huuliza kwanza: je, mtoto huyu anasikia?

Sauti kama s, f na th ni nyembamba na hafifu. Hupokewa na seli zenye vinyweleo zilizo karibu na mwanzo wa mfereji wa sikio la ndani, uliojiviringa mfano wa konokono. Hizo ndizo hutangulia kufa kwa kelele au kwa dawa kama jentamaisini. Binadamu huzaliwa na seli hizo zipatazo 15,000 katika kila sikio. Ikifa moja, haioti nyingine.

Kwa samaki mambo ni kinyume. Wanasayansi humchunguza samaki mdogo mwenye milia, mwenyeji wa Asia ya Kusini, ambaye ana seli za aina hiyo hata ubavuni, azitumiazo kuhisi mwendo wa maji. Zikiuawa kwa neomaisini, baada ya siku tatu hivi nyingi huwa zimeota upya. Seli jirani zinazozitegemeza hugawanyika, na zizaliwazo huchukua nafasi ya zilizokufa. Mwaka 1988 ilibainishwa kwamba hata ndege wana uwezo huo. Sisi pia tunazo seli tegemezi, ila zetu zimelala, na kuziamsha kumewashinda wengi: dawa ya Marekani iliyotumainiwa, FX-322, ilifeli majaribio mwaka 2023.

Yashangaza basi kuona tunavyoishi kana kwamba tumejaliwa mapezi. Mwanafunzi husafiri asubuhi na jioni katika matatu yenye muziki wa kutikisa vioo. Akishuka, hujitia vipokea sauti masikioni. Kanuni za kudhibiti kelele tunazo tangu mwaka 2009, lakini kondakta hana habari (huenda naye hasikii tena). Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani lilionya kwamba vijana zaidi ya bilioni 1 wamo hatarini kwa usikilizaji wa namna hii.

Katika shule nyingi nizijuazo, mtoto huingia darasani bila kupimwa masikio, na akikosea imla huitwa mzembe. Kabla ya kalamu nyekundu, mwalimu na asimame nyuma yake, asipoweza kuonwa midomo, amtamkie polepole maneno yale mawili.