Elden Ring ni Kali, Ila Hizo Nyodo Ziishe

Kuna staa mmoja mjini kila siku anawacheka wanaokwama kwa Margit. Eti "jifunzeni kucheza"! Sawa, Elden Ring ya 2022 ni moto: dunia pana, bosi akikushinda unageuza farasi ukasake silaha kwingine, hakuna anayekupangia njia. Hapo Miyazaki katisha.

Lakini gemu halina chaguo la urahisi. Dogo wa Manyovu analipia pedi kwa dakika. Akifa tena kabla hajaokota runi zake, zimeyeyuka, na hela nayo imeisha. Umeme ukikatika (na unakatika kweli), bosi anamsubiri na damu kamili. Staa ana jenereta, sofa na usiku mzima. Dogo ajifunze nini, kununua muda?