Je, Raia Alazimishwe Kupiga Kura?



Katika jumuiya zetu, kuanzia Njombe mjini hadi Makambako, wapo wanaouliza kama si afadhali sheria imlazimishe kila raia kupiga kura, na asiyefika kituoni atozwe faini. Hawaulizi kwa nia mbaya. Wanakumbuka kwamba mwaka 2010 hata nusu ya walioandikishwa hawakujitokeza, na mwaka 2020 walijitokeza nusu na ushei kidogo tu. Tena wanataja Australia, iliyopitisha sheria ya namna hiyo mwaka 1924: uchaguzi uliofuata waliopiga kura walizidi asilimia 90, hali ule wa mwaka 1922 hawakufikia 60.

Kwamba kupiga kura ni wajibu, hatubishi. Katekisimu ya Kanisa Katoliki inauweka wajibu huo pamoja na kulipa kodi na kuilinda nchi. Lakini Mtaguso wa Pili wa Vatikano, ulipowakumbusha raia jambo hilo katika hati ya Gaudium et Spes ya mwaka 1965, ulitaja kura iliyo huru. Neno hilo dogo ndilo linalotuzuia.

Kura huru yataka mtu aingie kituoni bila hofu, na akute humo wa kuchaguliwa. Enzi za chama kimoja mgombea urais alikuwa mmoja, wa kukubaliwa au kukataliwa. Lakini ubunge ulikuwa na wawili, mwenye jembe na mwenye nyumba, na hata mawaziri waliangushwa. Tarehe 29 Oktoba 1995 tukaingia katika uchaguzi mkuu wa vyama vingi. Miaka 30 baadaye, tarehe ileile ya mwaka 2025, chama kikuu cha upinzani hakikuwamo katika karatasi ya kura. CHADEMA kilikuwa kimezuiwa tangu Aprili kwa kutotia sahihi maadili ya uchaguzi, na mwenyekiti wake, Tundu Lissu, alikuwa mahabusu kwa shtaka la uhaini. Tume ilitangaza kwamba waliopiga kura walikuwa takriban asilimia 87. Siku hiyohiyo yalizuka maandamano, damu ya raia ikamwagika, na Dar es Salaam watu wakaamriwa kutotoka nje usiku.

Sheria ya kulazimisha ingetibu nini hapo? Kwa hesabu ya Tume, mahudhurio hayakupungua.

Na faini hiyo ingemwangukia nani? Kijana aliyeandikishwa kijijini Ludewa, ambaye leo anapakia mbao Makambako na hana nauli ya kurudi. Mama aliyewahi shambani, kwa kuwa uchaguzi wa serikali za mitaa wa tarehe 27 Novemba 2024 ulikuja mvua zikianza na mbegu zikingoja. Anayeengua majina ya wagombea asingelipa hata senti.

Kwa hiyo tunaipinga faini. Wala hatumtetei anayelala nyumbani kwa uvivu kisha akamlaumu diwani miaka mitano; huyo aulizwe na dhamiri yake, na jirani zake pia.

Viongozi wa jumuiya tunawaomba jambo moja. Waulizeni waamini, bila kuandika majina, kwa nini hawakupiga kura mwaka 2024 na 2025. Mtenganishe waliokosa nafasi, walioogopa, na waliosema hawakuona wa kumchagua. Majibu hayo yaleteni kwa Tume ya Haki na Amani kama yalivyosemwa, hata yakiwa machungu.