Asante Isiyo ya Bahasha



Bibi yetu alifariki alfajiri, katika wodi ya wanawake ya hospitali moja hapa mkoani Songwe. Alilazwa siku kumi na moja. Sisi wajukuu tulipeana zamu: wengine tulitoka Tunduma, wengine tuliacha kahawa shambani Mbozi, na ndugu zake walivuka mpaka kutoka Nakonde. Tulifika tukiwa na manung'uniko tayari mdomoni, maana kila mtu ana habari yake ya muuguzi mkali. Tuliondoka tukiwa na deni.

Deni lenyewe ni hili. Muuguzi wa zamu ya usiku, mgeni katika mkoa huu, alituuliza jinsi ya kumsalimu bibi kwa Kinyamwanga, na tangu hapo hakumgusa kabla ya kumsalimu. Bibi alipoacha kula, nasi tukawa tunamlazimisha uji, alitukataza kwa upole, akatuonesha kumlowesha midomo kwa pamba yenye maji safi. Alituambia tuendelee kuzungumza naye, kwani huenda anasikia. Ni yeye pia aliyetuambia: "Kama mna padre wenu, mwiteni leo, msingoje kesho." Sisi, familia yenye frateri, hatukuwa tumethubutu kulitamka jambo hilo. Yeye ni Mmoravian. Padre alipotoa Mpako wa Wagonjwa, alisimama miguuni pa kitanda ameinamisha kichwa. Hata mama wa usafi alideki pale taratibu, ndoo yake isije ikagonga kitanda.

Baada ya mazishi, baba mdogo alirudi hospitalini na bahasha. Muuguzi hakuipokea. Alisema: "Baba, mimi nina mshahara. Nikiipokea hii, kesho mwenye bibi yake asiye na bahasha atanionaje?"

Swali hilo limetukaa moyoni. Katika nchi yetu neno "asante" limechafuliwa. Mtu akiulizwa kwenye dirisha la ofisi, "Asante yetu iko wapi?", anajua anachoombwa. Hatusemi kwamba kila kuku anayepelekwa hospitali ni rushwa. Wengi hutoa kwa moyo safi. Lakini zawadi inayotolewa kwa siri humtia hofu mgonjwa wa kitanda cha pili, anayeona na hana cha kutoa. Maskini huyo ndiye tunayepaswa kumfikiria kabla hatujajisifu kuwa tumeshukuru.

Mtakatifu Thoma wa Akwino, tunayemsoma darasani, anaihesabu shukrani kuwa fadhila iliyo jirani na haki. Anataja hatua tatu: kuutambua wema tuliotendewa, kuusema, kisha kuurudisha kwa wakati unaofaa na kadiri ya uwezo. Tena, akimfuata mwanafalsafa Seneca, anatuonya kwamba anayeharakisha mno kulipa wema ana roho ya mdaiwa anayetaka kuutua mzigo. Tukajiona humo. Bahasha yetu iliruka hatua mbili za kwanza. Tulitaka kumaliza deni hata kabla ya kujua jina kamili la aliyetukopesha.

Wapo watakaouliza: kwani hawalipwi? Wanalipwa, na ni haki yao. Mshahara hulipia zamu, sindano na kitabu cha taarifa. Salamu ya Kinyamwanga saa nane za usiku hailipiwi na mshahara wowote. Hapo ndipo kazi inapogeuka kuwa wema, na wema unadai shukrani.

Basi tulianza upya. Tulimwandikia barua mganga mfawidhi, tukawataja muuguzi, daktari na mama wa usafi kwa majina, na kueleza walichofanya. Barua ya malalamiko hupata mwandishi upesi. Ya pongezi hungoja. Tuliwaweka katika nia ya Misa ya arobaini ya bibi. Na wawili wetu wenye afya tumekwenda kuchangia damu, ambayo itamfikia mgonjwa tusiyemjua, mwenye bahasha au asiye nayo.

Tunatoa ombi kwa parokia na Jumuiya zetu Ndogo Ndogo. Kila tarehe 11 Februari tunaadhimisha Siku ya Wagonjwa Duniani, aliyoianzisha Mtakatifu Yohane Paulo II mwaka 1992. Tunapeleka sabuni na matunda wodini, na ni vema. Tuwakumbuke pia wanaobaki pale tukishaondoka. Sala za waamini ziwataje. Nasi mafrateri tunaojiandaa kuwa mapadre tujifunze kwao: kuna siku tutaitwa usiku kwenye kitanda kama kile, na tutakuta muuguzi ametutangulia.

Wakoma kumi waliponywa, akarudi mmoja. Sisi tumechelewa, lakini tumerudi.

Bibi apumzike kwa amani. Nao walio zamu usiku wa leo, Mungu awatie nguvu.