Bafle kubwa si dawa ya ukumbi unaolia

Vikundi vyetu vingi vya Masisi na Walikale vinachanga franka ili kununua bafle ya mikutano. Kabla ya kutuma mtu Goma, ingieni kwanza katika ukumbi ukiwa mtupu, mpige makofi mara moja. Sauti ikibaki inazunguka, shida ni ukumbi.

Sima ya chini, kuta za matofali na mabati ya juu hurudisha sauti. Sauti hukimbia karibu metre 340 kwa sekunde. Ukuta ulio mbali metre 17 unarudisha neno baada ya sehemu ya kumi ya sekunde, na hapo neno lingine limeshatoka. Bafle kubwa inaongeza neno pamoja na mwangwi wake. Mama wa nyuma anapata kelele, hapati hesabu ya akiba yake.

Afadhali bafle mbili ndogo, moja kila upande, karibu na watu. Ziinueni juu kidogo ya vichwa, zitazame watu, si ukuta. Mikro ikae nyuma yake, isipige filimbi. Punguzeni besi. Dukani zijaribuni kwa mtu anayesema, si kwa muziki.

Halafu tundikeni blanketi au vitenge vizito kwenye ukuta wa nyuma, mtandike mikeka. Anayesema aseme polepole.

Na kabla ya kuinua mikono kupitisha jambo, ulizeni wa nyuma: mmesikia nini? Wakirudia sawasawa, endeleeni.